Kwa nini gari la polisi huendeshwa vile?

Jioni moja, katika mji ambao sitautaja, daladala letu lilikuwa limeshaingia kwenye kipilefti pale Land Cruiser ya polisi ilipotokea mbele yetu. Sisi tunaoendesha kushoto huzunguka kipilefti kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Yule bwana hakuzunguka. Alikata kulia moja kwa moja kuwahi njia ileile tuliyokuwa tunaiendea sisi, akatujia uso kwa uso, bila king'ora, bila kimulimuli, hata indiketa hakuwasha. Dereva wetu alikanyaga breki kwa nguvu zote, ndoo ya nyanya ya mama mmoja ikapinduka, na konda, ambaye hakosi neno, akasema: "Mpisheni, chipsi zinapoa." Gari zima likacheka.

Mita kama mia tatu mbele tukaikuta ile Land Cruiser kwa fundi wa pancha. Tairi la nyuma lilikuwa limelala kabisa na koplo amechuchumaa anazungusha jeki. Kicheko kikakatika. Tulikuwa tumeshamhukumu mtu kwa kosa la tumbo, kumbe alikuwa na tairi linalovuja na hofu ya kukwama katikati ya makutano.

Nilipolifikiria usiku ule niliona kwamba pancha haikubadilisha chochote. Tairi bovu halimpi mtu ruhusa ya kwenda kinyume. Kila tunapoona gari la polisi likienda ovyo tunachanganya maswali mawili: kwa nini ametenda vile, na je, alikuwa na haki ya kutenda vile. La kwanza mara nyingi lina jibu usilolitarajia. La pili lina jibu fupi kuliko watu wanavyodhani, wakiwamo baadhi ya wanaoshika usukani huo.

Tuwe waungwana, tuanze na yale yenye maelezo.

Chukua gari la doria linalotambaa kwa kilomita 25 kwa saa kwenye njia ya kulia, foleni inajikusanya nyuma yake na hakuna anayethubutu kuovateki. Linaudhi. Lakini doria haina mahali inapokwenda. Kazi yake ni kutazama. Askari aliyeketi upande wa kushoto anasoma namba za magari, anaangalia milango ya maduka, anatafuta pikipiki aliyoelezwa redioni. Kosa lake si mwendo, ni njia aliyochagua, kwa kuwa kazi hiyohiyo ingefanyika vizuri zaidi akishika kushoto.

Au lile linalotukera zaidi: gari linafika kwenye taa nyekundu, linawasha king'ora, linavuka, kisha linakizima na kuendelea taratibu kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo kila mtu ana uhakika kwamba amekwepa foleni tu. Huenda ni kweli. Lakini mwito wa redioni hufutwa mara nyingi, kwa sababu gari jingine limefika mapema au aliyepiga simu amesema mambo yametulia, na mwito ukifutwa dereva anapaswa kurudi kwenye mwendo wa kawaida papo hapo. Pia askari anayeelekea kwenye duka linalovunjwa huzima kelele mitaa miwili kabla, maana hakuna mwizi anayesubiri king'ora kimfikie. Nakiri kwamba maelezo haya mazuri ndiyo pia kichaka anachojificha mvivu wa foleni. Ukiwa nje ya gari huwezi kuwatofautisha.

Kuna na mambo yanayoonekana kama ulevi kabisa. Huko California, askari wa barabara kuu huingia mbele ya magari, huwasha taa, kisha huanza kuyumba kutoka njia ya kwanza hadi ya mwisho na kurudi, kama nyoka, huku akipunguza mwendo. Asiyejua atapiga simu kuripoti askari mlevi. Kumbe anazuia magari yote kwa pamoja bila kuyasimamisha, ili mbele, kilomita chache tu, wenzake wapate dakika mbili za kuokota ngazi au godoro lililoanguka katikati ya barabara.

Uegeshaji nao una siri yake. Ukikuta gari la polisi limesimama mshazari nyuma ya ajali, limekula njia moja na nusu, usidhani dereva hajui kuegesha. Uingereza askari hufundishwa kuliweka gari hivyo kwa makusudi, liwe ngao kati ya magari yanayokuja na mtu aliyelala chini. Likiwa mshazari linaonekana wazi kwamba limesimama. Likiwa limenyooka, dereva anayetoka mbali huliona kama gari linalotembea mbele yake, na akigundua amekwisha. Bila shaka ngao hiyo inahitaji taa zinazowaka na vizuizi vilivyowekwa mbali ya kutosha. Gari jeupe lililozimwa taa kwenye kona, usiku, halimlindi mtu.

Jambo la mwisho katika fungu hili ni chombo chenyewe. Pikapu za Land Cruiser za familia ya 70 ndizo farasi wa polisi karibu Afrika Mashariki yote, na sifa zake zinajulikana: haziogopi tope, spea zipo kila mahali, fundi wa chini ya mwembe anazijua. Lakini ziliumbwa kwa ajili ya shamba na jangwa. Nyuma zina springi za majani, zimenyanyuka juu, na nyingi zilizopo huku zinabeba ile injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, injini ya kudumu, si ya kukimbia. Ili igeuke inahitaji duara la mita 14 na ushee. Barabara zetu nyingi za mjini hazina upana huo, kwa hiyo askari anayetaka kurudi alikotoka lazima akate, arudi nyuma, akate tena, huku pande zote mbili zimesimama zikimlaani. Pakia askari wanane kwenye mabenchi ya nyuma, wamekaa juu ya kila kitu kizito cha gari, bila mikanda, kisha uingie kona kwa kasi: unachokiita uoga wa dereva anayepunguza sana ni akili. Anayestahili kukutisha ni yule asiyepunguza.

Sasa tuje kwenye haki.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu trafiki barabarani, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2009, una kifungu cha 34 kinachoeleza jambo hili kwa maneno machache. Kila mtumiaji wa barabara anayesikia na kuona ishara maalumu za gari lenye kipaumbele lazima aliachie nafasi, na ikibidi asimame. Kisha unaziachia nchi uhuru wa kuwasamehe madereva wa magari hayo karibu kanuni zote za barabarani, kwa masharti mawili: wawe wametoa tahadhari kwa ishara hizo maalumu, na wasiwahatarishe watumiaji wengine. Hayo masharti mawili ndiyo moyo wa jambo lote. Gari halipati kipaumbele kwa rangi yake, wala kwa namba yake, wala kwa cheo cha aliyeketi mbele. Hulipata kwa kusema, tena kwa taa na sauti. Likinyamaza, ni gari kama lako.

Sheria za Kenya na Tanzania zina asili ya Kiingereza. Kenya bado inatumia sheria ya trafiki iliyotungwa mwaka 1953, ikiwa na marekebisho mengi, na Tanzania ina Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, ile inayokuwekea kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Kwa hiyo si vibaya kutazama mahakama za Uingereza zilivyolihangaikia suala hili, maana maamuzi yake husomwa na mawakili wetu hata kama hayafungi mahakama zetu.

Sheria ya Uingereza inasamehe mwendo gari linapotumika kwa kazi za polisi, zimamoto au wagonjwa, ikiwa kushika mwendo halali kungekwamisha kazi hiyo. Tazama: msamaha umefungwa kwenye kazi. Askari anayekwenda kununua dawa ya mbu hana msamaha wowote. Na mwaka 1959 mahakama iliongeza jambo zito. Askari wa pikipiki alikuwa akienda kama kilomita 96 kwa saa mahali pa 64, kikazi, akamgonga mwanamke aliyekuwa akivuka. Je, msamaha wa mwendo ulimwondolea pia wajibu wa uangalifu? Jaji akasema hapana: kwenye fidia, askari huyo apimwe kama raia yeyote ambaye angeendesha vile. Hata mama yule aliwekewa sehemu ya lawama kwa kutotazama vizuri. Msamaha wa jinai na deni la madhara ni vitu viwili.

Kesi iliyowasha moto zaidi ilitokea Desemba 2003. Askari aliyefuzu daraja la juu la udereva alichukua gari jipya usiku, akalikimbiza hadi kilomita 256 kwa saa kwenye barabara kuu, na kilomita 135 kwenye mtaa ambao mwisho ni 48. Hakukuwa na mwizi wala mwito. Alisema anajizoeza na gari. Mwaka 2005 akaachiwa huru, jambo lililowaudhi raia wengi. Mahakama Kuu ikarudisha kesi isikilizwe upya, akatiwa hatiani bila kupewa adhabu, na mwaka 2007 majaji wakasema ustadi wake wa pekee ulipaswa kuzingatiwa. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Rufani, katika kesi ya askari mwingine, ikageuza: ustadi hauhusiki, kipimo ni dereva wa kawaida mwenye uangalifu. Polisi wakalalamika kwamba kwa kipimo hicho kila anayemfukuza jambazi ni mhalifu. Ndipo Bunge likaingilia, na tangu mwishoni mwa 2022 askari aliyefundishwa, akiwa kazini, hupimwa kwa kulinganishwa na askari mwangalifu mwenye mafunzo kama yake.

Mimi naona kipimo hicho kipya kina haki, lakini kina mtego kwa nchi zisizotazama vizuri. Kinafanya kazi pale tu ambapo mafunzo hayo yapo na yameandikwa. Kama mafunzo yenyewe ni kukabidhiwa ufunguo na kuambiwa "twende", unamlinganisha na nani?

Mafunzo si anasa. Katikati ya miaka ya 1930 polisi wa London walikuwa wakigonga sana magari yao hadi wakaanzisha shule ya udereva huko Hendon. Wakamleta Lord Cottenham, mwanamichezo wa mbio za magari, na ungetegemea awafundishe kukimbia. Aliwafundisha utaratibu: soma barabara, chagua mahali pa gari, pangilia mwendo, chagua gia, kisha ndipo uongeze mafuta, kwa mpangilio uleule kila kona, mpaka uwe tabia. Hadi leo mwanafunzi wa udereva wa polisi huko hulazimishwa kuendesha huku akisema kwa sauti kila anachokiona: basi limesimama, mtoto anaweza kutokea mbele yake, lami ina maji, yule wa baiskeli hajageuza kichwa. Ukijaribu mwenyewe kwa dakika tano utashangaa ni mambo mangapi ulikuwa huyaoni.

Sababu ya kumfanya mtu aseme ni kwamba mwili ukichemka macho hujifunga. Kiswahili kina neno lake zuri: mori. Askari akimfukuza mtu, moyo unapiga, pembe za macho zinafifia, anabaki kuona taa mbili nyekundu za gari lililo mbele yake na si kingine. Mtoto, mkokoteni na tuta hutoka kwenye picha. King'ora chake mwenyewe kinampandisha zaidi. Wanaofukuzwa nao wamepandwa na mori huohuo, na ndiyo maana vikosi vingi duniani vimeanza kukataza kufukuzana kwa makosa madogo.

Kuna suala la sauti ambalo hata madereva wa polisi hulikosea. Dereva aliye ndani ya gari la king'ora anakisikia kikitikisa dunia, kwa hiyo anaamini dunia yote inakisikia. Tufanye hesabu. King'ora cha kawaida hutoa kama desibeli 118 kwa umbali wa mita 3. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Mita 6, mita 12, 24, 48, 96: ukifika hapo umepoteza desibeli 30, zimebaki 88. Kioo kilichofungwa na bodi la gari vinakula 20 hadi 30 nyingine. Sasa weka injini, weka kiyoyozi, weka daladala lenye spika mbili kubwa chini ya kiti cha nyuma. Dereva wa namna hiyo atakisikia king'ora kikiwa mita 40 au 50 tu. Gari la polisi likija kwa kilomita 120 kwa saa hula mita 33 kila sekunde. Umempa sekunde moja na nusu ya kusikia, kuelewa, kutazama kwenye vioo na kupisha.

Tena akisikia hajui inatoka wapi. Sikio hutambua upande kwa urahisi sauti ikiwa mchanganyiko wa juu na chini, kama makofi au majani makavu. Mluzi wa king'ora unaopanda na kushuka ni mwembamba mno kwa kazi hiyo, na mtaani kuta za maghorofa huurudisha kutoka kila pembe. Ndiyo sababu unaona magari manne yakipisha pande nne tofauti, moja likisimama katikati kabisa. Hao si wakaidi. Hawajui. Na baada ya gari kupita huja hatari ambayo haiingii kwenye hesabu zake: wale waliopisha wanarudi barabarani kwa pupa, wengine wanajipachika nyuma yake wapate upenyo, bodaboda zikiongoza, na kugongana kunatokea wakati gari la polisi liko mbali halina habari.

Mwendo wenyewe hauna huruma na sare. Kwa kilomita 50 kwa saa, dereva aliye macho anayetumia sekunde moja na nusu kugutuka, kwenye lami kavu, husimama ndani ya mita kama 35. Kwa 120 anahitaji mita 130 hivi, na 50 kati ya hizo zinaisha kabla mguu haujagusa breki.

Mfano mchungu ni wa Seattle, Marekani, Januari 2023. Askari alikuwa akiwahi mtu aliyezidisha dawa za kulevya. Hii ni dharura ya kweli, hakuna wa kubisha. Aliendesha hadi kilomita 119 kwa saa kwenye mtaa ambao mwisho ni kilomita 40, taa zikiwaka, lakini king'ora hakikulia mfululizo; alikuwa akikigusa kidogo kidogo kwenye makutano. Mwanafunzi wa miaka 23 kutoka India alikuwa akivuka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu; akamgonga, akafa. Waendesha mashtaka waliamua kutomfungulia kesi ya jinai kubwa, akatozwa faini ya dola 5,000 kwa uendeshaji wa uzembe, na mapema 2025 akafukuzwa kazi. Nguvu ya gari hukua kwa mraba wa mwendo. Kwa kasi ile ilikuwa karibu mara tisa ya ile ambayo mtaa ule ulipangiwa. Nia njema ya dereva haimo kwenye hesabu hiyo.

Kwa hiyo ninaposikia marufuku ya watu binafsi kufunga ving'ora na vimulimuli ikitangazwa, jambo linalorudiwa mara kwa mara Tanzania, huwa naiunga mkono, ila naona imegusa nusu tu. King'ora ni lugha, na lugha ikisemwa uongo mara nyingi hakuna anayeisikiliza. Anayekitumia kuwahi kikao anamnyang'anya sauti mwenzake wa kesho mwenye mjamzito nyuma ya gari. Methali yetu inasema mwenye nguvu mpishe. Wengi tunapisha hivyo, kwa kuogopa nguvu, wala si kwa kuamini dharura, na unaliona kwenye namna tunavyopisha: shingo upande, nusu njia, tukisonya.

Je, inawezekana kujua nani alikuwa na dharura na nani hakuwa nayo? Gazeti la Sun Sentinel la Florida lilionyesha kwamba inawezekana. Mwezi Oktoba 2011 askari wa barabara kuu wa jimbo hilo alimkamata askari wa Miami aliyekuwa akikimbia zaidi ya kilomita 190 kwa saa kwenda kwenye kibarua chake cha nje ya kazi. Watu wakauliza: huyu ni mmoja, au ni mila? Waandishi hawakusimama barabarani na tochi ya kupimia mwendo. Waliomba rekodi za vifaa vya kulipia ushuru wa barabara vilivyofungwa kwenye magari ya polisi. Kila gari linapopita kizuizi huandikwa saa na sekunde. Ukijua umbali kati ya kizuizi hiki na kile, na muda uliotumika, unapata mwendo wa wastani, na wastani haubishaniwi: kuupata lazima mahali fulani ulikwenda zaidi ya hapo. Wakakuta karibu askari 800 kutoka idara kumi na mbili hivi waliokwenda kati ya kilomita 145 na 209 kwa saa ndani ya miezi 13, wengi wao wakiwa hawako kazini, wanakwenda au wanatoka nyumbani. Kwa jimbo zima, mwendo wa askari ulikuwa umesababisha ajali zisizopungua 320 na vifo 19 tangu 2004, na aliyekwenda jela alikuwa mmoja, siku 60. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2013, na mbio zile zikapungua sana mara tu wakubwa walipojua kwamba zinahesabika.

Huku kwetu kifaa cha kuhesabu si kigeni. Mabasi ya mikoani ya Tanzania yana mfumo wa kufuatilia mwenendo unaosimamiwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini. Dereva akizidisha, king'amuzi kinapiga kelele ndani na taarifa inasafiri, trafiki akiwa bado hajainua tochi yake. Kinachofungika kwenye basi kinafungika kwenye pikapu.

Bila rekodi ya namna hiyo, mkitofautiana na gari la polisi unaingia kwenye shimo la ajabu kidogo. Anayepima barabara kwa futi kamba na kuchora ramani ya ajali ni polisi. Anayekagua gari ni polisi. Fomu ya PF3 utakayokwenda nayo hospitali inatoka polisi. Kenya ina mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo huweza kuchunguza kifo au jeraha kubwa lililosababishwa na askari. Tanzania unaweza kulalamika kwa mkuu wa kikosi au kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ukitaka kuishtaki serikali ikulipe, lazima kwanza utoe notisi ya siku zisizopungua 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe na shauri lisikilizwe Mahakama Kuu. Mwenye jeraha zito na wakili mzuri anaweza kuivuka njia hiyo, hasa akiwa ameandika namba ya gari, saa, mahali, na kama taa au king'ora vilikuwa vinawaka. Hilo la mwisho ndilo mashahidi husahau, nalo ndilo linaloamua.

Yule mama wa daladala hakuandika kitu. Aliokota nyanya zilizookoteka, zilizopondeka akazisukuma kwa mguu chini ya kiti, na alipofika kituo chake akashuka na nusu ndoo. Konda hakumdai nauli.